Karavani kwenye Gibb River Road: uzito, upepo wa tairi na mtetemo

Gibb River Road ina urefu wa kilomita 660 hivi. Inakata Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, kutoka Derby hadi jirani na Kununurra. Ilichongwa kupitisha ng'ombe wa mashamba makubwa, na nyumba ya magurudumu yenye jiko, vitanda na choo haikuwemo kwenye hesabu. Vipande vya lami vipo, hasa mwanzoni ukitoka Derby na mwishoni upande wa mashariki, lakini sehemu kubwa ni changarawe na udongo mwekundu uliojikunja mawimbi mawimbi, kama barabara ya vumbi ya kwetu ambayo greda halijaipitia kwa miezi. Ukivuta karavani juu ya mawimbi hayo kwa siku kadhaa, kila nati inajaribiwa. Na karavani nyingi zinazorudishwa zikiwa juu ya lori zilianza kuharibika nyumbani, siku ya kupakia.

Kwa hiyo kabla ya ramani, nenda kwenye mzani. Chukua mfano wa LandCruiser 200, gari ambalo wengi wetu tunalifahamu. Likiwa tupu linakaribia kilo 2,700. Uzito wote unaoruhusiwa, pamoja na watu, mafuta na mizigo, ni kilo 3,350. Nafasi iliyobaki ni kilo 650. Mtu akisoma kwamba gari hilo linaruhusiwa kuvuta tela la kilo 3,500 hudhani hesabu imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Karavani ya kilo 2,500 hukandamiza kiungo cha nyuma ya gari kwa asilimia 10 hivi ya uzito wake, yaani kilo 250, na kilo hizo zinahesabiwa kwenye gari. Zimebaki 400. Baba, mama na watoto wawili wanaokaribia utu uzima ni 250. Zimebaki 150. Weka bampa la chuma, betri ya pili, friji ndogo ya kwenye buti, sanduku la spana na spea ya pili, umeshapita. Juu ya lami gari lililozidishwa huvumilia. Kwenye mawimbi huvunja springi, hupasua shokapu, na pikapu zenye chesisi ndefu hupinda mgongo nyuma ya kibanda. Bima nayo inaweza kukataa kulipa ikigundua uzito ulizidi.

Pima mara tatu: gari na karavani vikiwa vimeungana, gari peke yake, kisha uzito unaokaa kwenye kiungo. Pima vikiwa vimejaa kama mtakavyosafiri, matenki ya maji yakiwa na maji na watoto wakiwa kwenye viti. Ukikuta umezidi, dawa ni kushusha vitu. Springi nzito za dukani huinua gari lionekane limenyooka, lakini peke yake hazibadilishi uzito unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kibao cha kiwandani cha gari.

Mpangilio wa ndani ya karavani una uzito wake pia. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli au karibu nayo. Ukirundika baiskeli, spea mbili na sanduku la zana mkiani, kiungo kinakuwa chepesi na karavani huanza kuyumba kama mkia wa samaki pindi lori kubwa linapokupita. Ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari na usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani unyooke, kisha bonyeza kwa mkono breki ya umeme ya karavani peke yake. Hiyo huivuta nyuma na kuinyoosha. Kila anayeendesha, mama na baba, afanye zoezi la kukitafuta kitufe hicho bila kukitazama. Kisheria, tela lenye zaidi ya kilo 2,000 Australia lazima liwe na breki kwenye magurudumu yote, pamoja na kifaa cha kulifunga breki lenyewe likichomoka kwenye gari. Angalia kama betri ndogo ya kifaa hicho ina chaji. Wengi huisahau miaka.

Sasa upepo wa tairi, jambo ambalo ningelifundisha kwanza kama ningeruhusiwa kufundisha moja tu. Kwenye lami, gari lenye mzigo huwa kwenye psi 40 hivi na karavani 45 hadi 50, kutegemea kibao chake. Ukiingia kwenye changarawe na upepo huohuo, tairi linakuwa gumu kama mpira wa miguu uliojazwa kupita kiasi: kila jiwe lenye ncha linachimba, na kila wimbi linapanda moja kwa moja hadi kwenye makabati. Shusha gari hadi psi 28 au 30, karavani 32 hadi 35. Tairi hulainika, hulimeza jiwe badala ya kupambana nalo, na nusu ya mtetemo huishia hapo chini. Lakini upepo ukishuka, mwendo nao ushuke. Tairi laini likikimbizwa kilomita 100 kwa saa hujikunja ubavuni, joto hupanda, na ubavu hupasuka bila hata kugusa jiwe. Kilomita 80 iwe mwisho, na penye mawimbi mabaya 40 hadi 60.

Utajuaje kama umepatia? Pima asubuhi tairi likiwa baridi, andika, kisha pima tena baada ya nusu saa ya mwendo. Upepo ukiwa umepanda psi 4 hadi 6, uko sawa. Ukipanda zaidi, tairi linapata joto kupita kiasi: ama upepo ni mdogo mno, ama unakimbia, ama mzigo umezidi. Ukipanda psi 2 tu, unaweza kushusha zaidi. Vihisi vya upepo vinavyofungwa kwenye kila tairi na kuonyesha namba kwenye dashibodi vina faida kubwa kwa anayevuta karavani kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu pancha ya karavani haisikiki kwenye usukani. Mtu huburuta tairi lililoisha kilomita nyingi hadi rimu inakwaruza kokoto, na mara nyingine mpira unashika moto.

Beba spea mbili kwa uchache, moja ya gari na moja ya karavani. Ikiwezekana rimu na mashimo ya nati yafanane pande zote mbili, ili spea yoyote iingie popote. Ongeza vifaa vya kuziba pancha, kompresa nzuri, na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuwekea jeki, kwani udongo laini humeza jeki. Mjue mapema sehemu ya kuinulia karavani yenu. Si zote zinaruhusu kuinuliwa kwenye ekseli. Kwa karavani ya ekseli mbili, njia nyepesi ni kulipandisha tairi lisilo na pancha, la upande uleule, juu ya mbao mbili tatu zilizopangwa ngazi. Lililopata pancha, mara nyingi, linabaki linaning'inia.

Kila baada ya saa moja ya changarawe simameni. Watoto wanyooshe miguu, na mmoja azunguke gari na karavani akiwa na tochi hata kama ni mchana, maana yanayovunjika yako uvunguni. Sogeza mkono karibu na kila haba (kitovu cha gurudumu, chenye beringi ndani), au tumia kipimajoto cha kumulika. Magurudumu ya ekseli moja yanatakiwa yalingane joto. Moja likiwa na joto kubwa kuliko mwenzake, ama beringi imeanza kuisha ama breki inashika. Gusa shokapu kwa uangalifu: kazi yake ni kugeuza mtetemo kuwa joto, na ikichemka mafuta ya ndani huwa povu, huvuja, kisha springi inabaki peke yake na ndiyo inayofuata kukatika. Mapumziko ya dakika kumi na tano huokoa shokapu kuliko brandi yoyote ya bei ghali. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila asubuhi. Fuatilia waya za breki chini ya ekseli. Jiwe moja linatosha kuzikata, na hutajua hadi uhitaji breki.

Mawe ya magurudumu ya nyuma ya gari hurushwa kwenye uso wa karavani, yakadunda na kurudi kuvunja kioo cha nyuma cha gari lenyewe. Hili huwashangaza watu, nalo hutokea sana. Funga wavu au turubai zito katikati, lenye mteremko wa kuelekeza mawe chini, na kwenye kioo cha nyuma gandisha kipande cha boksi au plastiki ngumu. Mabomba ya maji ya uvunguni na koki za kumwagia tenki yavalishwe mpira wa zamani wa kumwagilia bustani uliochanwa ubavuni.

Ndani ya karavani, kopo za soda ni mtego usiotarajiwa. Kopo za aluminiamu zikisuguana kutwa nzima hutoboka zenyewe, na jioni unakuta kabati linachuruzika sukari. Weka kitambaa kati ya kila kopo, au chukua chupa za plastiki. Vitu vya vioo viingie kwenye soksi. Sahani ya maikrowevu iondolewe na kulazwa kitandani. Zima pampu ya maji kabla ya kuondoka, kila mara bila kukosa: kiungo cha bomba kikilegea njiani huku pampu ikiwa imewashwa, itamwaga tenki zima sakafuni nanyi mkiwa mnasikiliza muziki huko mbele. Mitungi ya gesi nayo ifungwe koki.

Vumbi la Kimberley ni laini kama unga wa muhogo. Huingia kwa sababu karavani ikitembea hunyonya hewa kupitia kila upenyo wa nyuma na wa chini. Tiba ni kuingiza hewa kwa nguvu kutoka juu: fungua kidogo kidirisha cha paa kinachotazama mbele, chenye chujio, ili ndani kuwe na msukumo wa kutoka nje. Matundu ya chini ya mlango yapo ili gesi ikivuja itoke, basi yazibwe kwa gundi ya karatasi wakati wa mwendo tu, na yafunguliwe kabla hamjawasha jiko. Mpeni mtoto mmoja kazi hiyo kila kituo, awe mwenyewe wa matundu.

Kuhusu friji, ile ya gesi na umeme isiyo na kompresa hushindwa joto likikaribia nyuzi 40. Ya kompresa ya volti 12 hufanya kazi, ila inakula umeme: kwa ukubwa wa lita 150 hadi 200, kadiria saa-ampea 50 kwa siku, na taa na pampu zikiongezwa 65. Betri ya lithiamu ya saa-ampea 200 na paneli za sola za wati 300 juu ya paa zinatosha siku zote za jua, mradi mzifute vumbi. Muwe pia na paneli ya kubeba yenye waya wa mita 10, ili karavani ikae kivulini na paneli ikae juani. Kivuli chenyewe kichagueni vizuri: msilale chini ya mikalitusi mikubwa, hudondosha matawi ghafla bila hata upepo. Mti mnene mtakaouona kila mahali ni boab, ndugu wa damu wa mbuyu wetu, na mwenzetu wa Dodoma au Kilifi atadhani amefika nyumbani. Hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo kivuli chake ni cha shina tu.

Maji: watu wanne wakijibana hutumia lita 40 kwa siku, nusu yake ya kunywa. Matenki mawili ya lita 90 ni siku nne na ziada. Kamwe msiyabebe yote kwenye matenki ya uvunguni. Lita 40 zikae kwenye madumu ndani ya gari, kwa sababu jiwe likitoboa tenki hamtasikia chochote.

Dizeli inauzwa kwenye vituo viwili vya njiani, Imintji na Mount Barnett, hiki cha pili kikiwa karibu kilomita 300 kutoka Derby. Gari linalovuta karavani ya tani mbili na nusu kwenye changarawe hula lita 18 hadi 22 kwa kilomita 100, wakati mwingine zaidi. Fanyeni hesabu kwa 25, na jazeni kila penye pampu hata kama bei inauma. Chakula kipimwe kwa wiki nzima. Mkitokea upande wa Katherine, mji ulio mashariki katika jimbo jirani la Northern Territory, matunda, mbogamboga mbichi na asali haviruhusiwi kuingia Australia Magharibi. Kizuizi kipo mpakani kabla ya Kununurra, basi viliwe kabla. Hapohapo saa zinarudi nyuma kwa saa moja na nusu.

Saa hiyo ina maana kubwa kuliko inavyosikika. Mwezi wa Juni, Kununurra, jua linazama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Giza likiingia, ng'ombe wasio na uzio, kangaruu na punda wa porini wanakuwa barabarani. Ondokeni saa moja asubuhi, muwe mmefunga breki saa nane au tisa mchana. Kwa familia yenye watoto, kilomita 150 za changarawe kwa siku zinatosha kabisa, na siku moja kati ya tatu gari lisiwashwe. Mkutanapo na lori-treni, yaani lori linalovuta matela kadhaa, ambalo linaweza kufika urefu wa mita 53.5, pisheni kushoto, simameni, subirini vumbi litue. Dereva wake hawezi kukwepa, na nyuma ya vumbi lake kunaweza kuwa na jingine. Redio ya upepo iwe chaneli 40, na mumsalimie kwanza.

Msimu ni Mei hadi Oktoba, na ulio bora ni Juni hadi Agosti. Nje ya hapo mvua za masika ya huko hufunga barabara, na kupita penye kibao cha kufungwa kuna faini. Mafuriko ya Januari 2023 yalibomoa daraja la Fitzroy Crossing kwenye barabara kuu ya lami, na jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huohuo. Angalieni taarifa za Main Roads, idara ya barabara ya Australia Magharibi, asubuhi ya kila siku mtakapokuwa na mtandao, maana katikati ya njia simu hazishiki. Bebeni kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti au kile cha kuomba uokoaji cha 406 MHz. Royal Flying Doctor Service, iliyoanza 1928, ndiyo itakayokuja kwa ndege, na itataka kujua mlipo kwa uhakika.

Mamba wa maji chumvi hafanani na wa mtoni mdogo anayeota jua Windjana Gorge. Huyu mkubwa hupanda mito mbali na bahari. Kaeni mita 5 au zaidi kutoka ukingoni, pigeni kambi mita 50 kutoka majini, msichote maji mahali palepale kila siku, msisafishe samaki mtoni. Mtu aliyekulia kando ya Rufiji hahitaji kuelezwa mara mbili. Mtoto aliyekulia Melbourne anahitaji. Mbu pia wapo. Malaria haipo, Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Australia kuwa huru nayo mwaka 1981, lakini mbu wa kaskazini huambukiza virusi vya Ross River na homa ya ubongo ya Murray Valley, basi chandarua kina kazi yake.

Kwenye mito midogo, mtu mzima hutangulia kwa miguu kupima kina. Mto Pentecost haupimwi kwa miguu, kwa sababu ya mamba haohao. Subirini gari jingine livuke, mtazame maji yamefika wapi kwenye magurudumu yake. Kabla ya kuingia, simamisheni gari dakika 15 ili haba zipoe. Haba ya moto ikizama ghafla hunyonya maji kupitia sili na kuyachanganya na grisi. Fungeni mkanda wa kuvutia mbele ya gari mkiwa bado nchi kavu, ili asiwepo wa kupapasa chini ya maji mkikwama. Gia ya chini, mwendo wa kutembea, bila kubadili gia wala kusimama. Kumbukeni karavani ni sanduku lenye hewa: maji yenye kasi yakifika sakafu yake huielesha na kuisukuma pembeni, nayo hulivuta gari. Yakipita nusu ya gurudumu na yanakimbia, piga kambi usubiri.

Mahali pengine karavani haiendi kabisa. Njia ya kilomita 53 ya kuingia Purnululu, urithi wa dunia tangu 2003, hairuhusu karavani. Tela la ekseli moja la nje ya barabara tu. Kwa maporomoko ya Mitchell, iacheni karavani Drysdale River Station, shamba la ng'ombe lililo njiani, mwende na hema. Na kama karavani yenu ni ya kawaida, isiyojengwa kwa changarawe, ushauri wangu ni mmoja na sitaupunguza makali: iegesheni Derby, chukueni hema na magodoro, mpite Gibb kwa gari tupu, au vuteni karavani kwa lami kupitia Halls Creek. Bonde la Bell Gorge ni lilelile.

Mkifika lami ya mashariki, jazeni matairi kabla ya kukimbia, na nati zikazwe upya. Kununurra osheni uvungu kwa maji ya nguvu, kisha fundi afungue haba moja ya karavani. Grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na haba nne zote zifunguliwe: beringi zioshwe, zikaguliwe, sili mpya, grisi mpya. Seti mlizobeba kutoka nyumbani, zikiwa zimeshapakwa grisi na kufungwa kwenye mfuko, ndizo za kutumika hapo, kabla ya kilomita 500 za kwenda Katherine.